Nakala ya Barua ya Sultani Ina Nguvu Gani?

Hotuba ya Mweka Hazina katika hafla ya mchango wa mwaka



Kila mwaka nikipewa nafasi hii husoma hesabu, nikataja kilichoingia na kilichotoka, kisha nikaketi ili chakula kipakuliwe. Mwaka huu hesabu zimechapishwa katika kitabu mlichonacho mkononi na kila mtu atajisomea. Nimemwomba Mwenyekiti anipe muda nieleze mstari mmoja tu katika hesabu hizo. Ni ule unaosema kwamba fedha za jengo la zahanati, mlizochanga mwaka jana kwa moyo mweupe, bado ziko benki.

Najua yaliyosemwa, maana barazani maneno hayafichiki. Imesemwa kwamba mweka hazina amezoea ofisi za mjini, amesahau kwao. Imesemwa kwamba karatasi ya kiwanja tunayo, tena si karatasi ya juzi, ni barua ya Sultani wa Zanzibar, na nakala yake imepigwa muhuri wa wakili. Sasa huyu anataka nini zaidi ya Sultani?

Leo nijibu swali hilo. Mimi ni mhasibu, si mwanasheria, na haya nitakayosema nimeyapitia na wanachama wetu wawili ambao ni mawakili. Swali lenyewe ni kubwa kuliko kiwanja chetu, kwa sababu katika kila nyumba ya Amu kuna kasha, na katika kila kasha kuna karatasi ya zamani ambayo watu wa nyumba hiyo wanaamini kwamba siku moja itawatoa.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu, nisije nikaonekana natangaza ya wengine.

Tangu zianze habari za bandari ya Kililana, mashamba ya bara yaliyokuwa hayaulizwi na mtu yalianza kuulizwa na kila mtu. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alifuatwa na dalali mmoja. Dalali akamwambia kwamba amepata nakala ya barua ambayo Sayyid Barghash alimpa babu wa babu yetu, kumwachia shamba upande wa Mokowe. Nakala ilikuwa safi, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ina muhuri wa Sultani juu, na chini ina muhuri wa wakili unaosema kwamba hii ni nakala sahihi ya asili. Ami akauza mashua yake ndogo akalipa. Sisi watoto tulio mjini tulijua habari wakati mashua imekwisha kuondoka.

Niliichukua nakala ile nikaenda nayo kwa maalim mmoja mzee anayesoma hati za kale kama sisi tunavyosoma gazeti. Aliisoma mara moja, akarudi kwenye tarehe, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa hesabu. Sayyid Barghash alifariki lini?" Nikatazama. Sayyid Barghash alifariki Machi 1888, yaani mwaka 1305 wa Hijra. Barua yetu ilikuwa imeandikwa mwaka 1308. Mwaka 1308 ulianza Agosti 1890. Wakati huo Barghash alikuwa kaburini, Sayyid Khalifa aliyemfuata naye alikuwa amekwisha kufariki, na aliyekuwa katika kiti ni Sayyid Ali bin Said. Barua ya ami yangu ilikuwa imetiwa sahihi na marehemu.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu yote. Muhuri wa wakili haukuwa wa uongo. Wakili alionyeshwa karatasi mbili, akazilinganisha, akaona zinafanana, akapiga muhuri. Alichokithibitisha ni kwamba karatasi hii inafanana na ile. Hakuthibitisha kwamba ile ya kwanza iliandikwa na Sultani, wala kwamba shamba ni la ami yangu. Tulikuwa na nakala ya kweli ya karatasi ya uongo.

Nakala iliyothibitishwa haiwezi kuizidi asili yake. Asili ikiwa ya uongo, nakala ni ya uongo. Asili ikiwa ya kweli, nakala inathibitisha yale tu yaliyoandikwa ndani yake, hata neno moja zaidi halimo.

Sheria inasemaje basi? Sheria ya ushahidi tunayoitumia Kenya imetokana na ile ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta huku na ikatumika mpaka tukapata Sheria yetu ya Ushahidi mwaka 1963. Kanuni yake ya msingi ni nyepesi. Ukitaka kuthibitisha kilichoandikwa katika hati, lete hati yenyewe. Nakala ni ushahidi wa daraja la pili, na mahakama huupokea kwa sababu maalumu. Hati asili imepotea au imeharibika, au iko mikononi mwa mtu unayeshindana naye na amekataa kuitoa, au ni hati ya umma.

Hapo kwenye hati ya umma ndipo penye faida yetu. Hati ya umma ni kama kumbukumbu za matendo ya mamlaka ya nchi, za mahakama, za maofisa wa serikali, na pia madaftari ya serikali yanayohifadhi hati za watu binafsi, kama daftari la ardhi. Hati hizi hazitoki katika ofisi zake. Ni kama kitabu cha benki. Benki haiwezi kukikokota kitabu chake kila mahali penye kesi, kwa hiyo sheria imekubali nakala yake kwa masharti. Vivyo hivyo kwa daftari la ardhi. Ofisa anayelitunza akikupa nakala iliyothibitishwa, mahakama itaipokea mahali pa asili bila kukuuliza asili iko wapi.

Lakini nakala hiyo ina sura yake. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba ofisa mwenye kutunza hati ya umma ambayo mtu ana haki ya kuikagua, atampa nakala akiomba na akilipa ada iliyowekwa. Chini ya nakala ofisa ataandika kwamba ni nakala sahihi, ataweka tarehe, sahihi, jina lake na cheo chake, na muhuri wa ofisi kama ofisi ina muhuri. Basi mkiletewa karatasi inayoitwa nakala iliyothibitishwa, tazameni chini. Ulizeni ni nani aliyethibitisha, kwa cheo gani, na je, yeye ndiye anayeitunza asili? Wakili wa mtaani hatunzi barua za Sultani. Muhuri wake una kazi zake, na unatusaidia tukipeleka nakala za vyeti vya shule kuomba karo za watoto, lakini haugeuzi fotokopi kuwa hati ya umma.

Wako watakaosema kwamba hati ya zamani inajithibitisha yenyewe. Wana sehemu ya haki. Kifungu cha 96 kinaruhusu mahakama kuchukulia kwamba sahihi na mwandiko wa hati iliyotimiza miaka ishirini ni za kweli, mradi imetoka mahali panapostahili kutunzwa. Lakini sheria inasema mahakama "inaweza", haisemi "lazima". Mahali ilipotunzwa ni sharti. Na kwa kifungu kama hicho cha sheria ya India, majaji wa rufaa wa London waliokuwa juu ya makoloni yote waliamua mwaka 1935 kwamba heshima hiyo ni ya hati kongwe yenyewe iliyoletwa mbele ya mahakama. Haishuki kwa nakala yake. Kwa hiyo anayekuuzia nakala na kukuambia "asili iko kwangu, utaiona baadaye" amekuuzia kivuli.

Nirudi sasa kwenye kiwanja chetu cha Langoni.

Barua tuliyokuwa tukiitegemea sote mnaijua, imetundikwa kwenye fremu ofisini kwetu. Ni fotokopi. Asili yake, alhamdulillahi, ilipatikana mwaka huu kwa bibi mmoja wa ukoo wa mtoaji wa kiwanja, imefungwa katika kitambaa ndani ya kasha la msaji. Tulimpelekea maalim yule yule, safari hii na moyo ukidunda. Akaisoma polepole, akakagua tarehe, karatasi na muhuri, akasema haoni kasoro. Jina la Sultani linakubaliana na mwaka wake. Tukapumua.

Kisha akatusomea yaliyomo. Ndugu zangu, barua ile ni salamu. Sultani anamwandikia liwali wake wa Amu kumjulisha kwamba fulani ni mtu wake, asisumbuliwe, asaidiwe anapohitaji. Hakuna kiwanja ndani yake, wala mipaka, wala neno wakfu. Kwa miaka mingi tumeitundika ukutani tukiamini inasema jambo ambalo halisemi, kwa sababu hatukuwa na mtu wa kutusomea na hatukutaka kuuliza.

Kwa hiyo ile ya ami yangu ilikuwa nakala ya kweli ya hati ya uongo, na hii yetu ni nakala ya kweli ya hati ya kweli isiyotuhusu. Zote mbili zingetufikisha mahakamani kwa kishindo na kuturudisha mikono mitupu.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la watu wadogo kama sisi. Kisiwa chetu chenyewe kiliwahi kufikishwa mbele ya mwamuzi kwa sababu ya maneno na barua za Sultani. Mwaka 1889 Waingereza na Wajerumani walishindana juu ya nani apewe forodha na utawala wa Amu. Upande mmoja ilikuwa Kampuni ya Kijerumani ya Witu, na wa pili ilikuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kila mmoja akidai kwamba Sultani alikwisha kumpa neno. Kesi ikapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye akatoa uamuzi wake Agosti mwaka huo. Hoja yake ni somo kwetu. Nia ya kuahidi, alisema, si ahadi. Ili ahadi ifunge, lazima pande mbili zikubaliane wazi juu ya mambo ya msingi ya mapatano. Wajerumani hawakuthibitisha haki yao. Waingereza nao hawakuthibitisha kwamba Sultani alikwisha kufungwa kwao, bali Sultani alibaki huru kutia sahihi mapatano nao akitaka. Madola makubwa mawili, yenye mawakili na manowari, yaliambiwa hivyo. Sembuse sisi na fremu yetu ya ukutani.

Niguse pia hati moja kubwa ya kifalme inayozungushwa sana pwani yetu, maana nimeulizwa na vijana. Ni mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, kati ya Sultani Hamad bin Thuwaini na Waingereza, juu ya ukanda wa maili kumi. Waingereza walichukua uendeshaji wa pwani, na Sultani akawa analipwa pauni 17,000 kwa mwaka, ambazo 11,000 zilikuwa kodi na 6,000 zilikuwa riba ya fedha alizokuwa akidai. Mambo hayo yakafungwa kwa makubaliano ya London ya tarehe 8 Oktoba 1963, ambamo Sultani aliachia madai yake juu ya pwani kuanzia uhuru wa Kenya. Wako watu wanaouza nakala za mikataba hii, wakisema ukiwa nayo utalipwa fungu lako la kodi ya pwani.

Nakala hizo zinaweza kuwa sahihi kabisa. Hii ni mikataba ya serikali, imechapishwa, haina siri. Lakini isomeni. Mkataba wa 1895 ulihusu utawala wa pwani, na kodi ile ilikuwa ya Sultani. Hakuna jina la babu wa mtu ndani yake. Makubaliano ya 1963 yana mambo yanayotufaa, nayo tuyajue: kwamba mahakama za kadhi zitadumu, na kwamba hati za umiliki kamili zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa. Sikilizeni neno "zilizosajiliwa". Hata siku ile ya kuagana na Sultani, kilichowekewa ulinzi ni daftari.

Kwa nini daftari? Kwa sababu mwaka 1908 ilipitishwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Wenye mashamba na viwanja walitakiwa wapeleke madai yao kwa msajili aliyewekwa kwa kazi hiyo. Walikuja na kila walichokuwa nacho, yaani barua za masultani, hukumu za makadhi, hati za kuuziana, na mashahidi wazee. Dai lililokubaliwa lilipewa cheti cha umiliki, na cheti hicho sheria ilikihesabu ushahidi wa mwisho mbele ya watu wote, hata mbele ya serikali. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa wakati ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na leo warithi wa Taji ni serikali.

Kuna machungu hapo, siwezi kuyapaka asali. Wengi hawakupata habari. Wengi hawakujua kwa nini wapeleke dai juu ya kitu ambacho kila mtu alijua ni chao. Ulikuwa ni mfumo wa karatasi ulioletwa kwa watu waliokuwa wakishuhudiana kwa midomo. Lakini kwa swali letu la leo jibu liko hapo. Tangu 1908 barua ya Sultani ilikuwa ushahidi wa kupelekea dai. Ilipokubaliwa, nguvu yake ilihamia kwenye cheti. Anayetafuta haki ya ardhi pwani aanze na daftari, kisha ndipo arudi nyuma kwa Sultani ikibidi.

Na Unguja na Pemba ni hadithi nyingine. Huko, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Wenzetu wenye asili ya huko wanaweza kupata katika nyaraka za Zanzibar barua ya kweli yenye jina la babu yao, na bado isiwape hata pachipachi ya ardhi. Hati inaweza kuwa ya kweli na nguvu yake ikawa imekwisha. Na anayetaka kutumia mahakamani Kenya nakala iliyotoka Zanzibar ajue kwamba hiyo sasa ni hati ya umma ya nchi nyingine, nayo ina masharti ya ziada ya uthibitisho. Amwone wakili kabla ya kulipa nauli.

Sasa niwape habari njema. Katika lile kasha la msaji, chini ya barua ya Sultani, palikuwa na kijikaratasi ambacho bibi yetu alitaka kukitupa. Hakina muhuri wa kifalme, hakina wino wa dhahabu. Kina namba ya dai, tarehe, na sahihi ya karani. Nilipokiona nilijua, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yangu mimi. Namba ni mlango. Tulikwenda nacho masjala ya ardhi Mombasa. Tulizungushwa siku tatu, siwafichi, lakini siku ya nne daftari likafunguliwa. Kiwanja kimo. Kimesajiliwa kuwa wakfu, jina la mtoaji limo na mipaka yake minne imo. Tuliomba nakala iliyothibitishwa, tukalipa ada, tukapewa risiti. Nakala hiyo ninayo hapa, na chini yake kuna jina la ofisa, cheo, tarehe na muhuri. Risiti iko katika hesabu zenu.

Mpaka wa kibla ni nyumba, wa suheli ni njia, wa matlai ni kisima, wa magharibi ni ukuta wa jirani. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mtakaponisamehe kwa kuzishikilia fedha zenu. Tulipompeleka mpimaji kulinganisha mipaka hiyo na ramani ya jengo letu, alikuta kwamba ukuta wetu wa upande wa njia ulikuwa umechorwa nje ya kiwanja. Kama tungejenga mwaka jana kwa kutegemea barua ya fremu, leo tungekuwa tumeziba njia ya watu, tuna kesi na majirani zetu wenyewe, na zahanati iko nusu. Ramani imechorwa upya. Jengo limepungua chumba kimoja. Kilichobaki ni idhini ya Tume ya Wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haijengwi kwa uamuzi wa kamati pekee, na Mwenyekiti atawaeleza hatua zilipofikia.

Na ami yangu? Tulimfanyia yeye pia kazi hiyo hiyo. Tulipekua daftari kwa majina ya wazee wetu. Shamba la Mokowe halimo. Halikudaiwa, na kwa sheria lilikwenda serikalini kabla baba yangu hajazaliwa. Nilimwambia ami mwenyewe, nikiwa nimekaa naye mkekani, na ilikuwa kazi ngumu kuliko ukaguzi wowote niliowahi kufanya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Bora nimejua, nisife nikiwaachia watoto kesi." Lakini katika kupekua tulikuta kipande kidogo kisiwani, kimesajiliwa kwa jina la bibi mzaa babu, ambacho hakuna aliyekuwa akikikumbuka. Hicho tunakipeleka kwa kadhi, kwa sababu cheti kikiwa na jina la marehemu, lazima warithi wajulikane kabla ya jambo lolote. Ami hakupata alichokilipia kwa mashua yake, ila kipande kile cha kisiwani ndicho chetu kwa haki.

Nimalize kwa maombi machache kwa kila nyumba.

Fungueni makasha. Msiipige hati ya zamani plastiki ya moto, kwa kuwa joto huharibu wino na muhuri, na baadaye mtaalamu hawezi kuichunguza. Msimpe dalali asili, hata kwa siku moja. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Andika katika daftari la nyumba: hati hii ilikuwa kwa nani, akampa nani, mwaka gani. Hiyo ndiyo historia ya utunzaji, na mahakama itaiuliza. Mtafuteni anayejua kusoma herufi za kale awasomee yote, si mstari mmoja. Msidharau kijikaratasi chenye namba. Na mtu akikuuzia nakala ya hati ya kifalme, muulize maswali manne: asili iko wapi, nani anayeitunza amethibitisha, ndani imeandikwa nini hasa, na nguvu yake iko hai leo? Akishindwa swali moja, mpe chai aende zake.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeishi kwa maneno hayo kazini, lakini maana yake kamili nimeijua mwaka huu.

Kamati imekubali kwamba katika mchango wa leo, baada ya fungu la zahanati na la karo za wanafunzi, kuwe na fungu dogo la tatu, la hati. Litalipa ada za kupekua madaftari na nakala zilizothibitishwa kwa familia zisizo na uwezo, na posho ya maalim wa kusoma hati. Halitalipa dalali. Kila shilingi itakuwa na risiti, na mwakani mtaisoma humu humu katika kitabu hiki, na anayetaka kuja kukagua vocha zangu karibu, chai iko.

Barua ya Sultani ya kweli, ile ya salamu, tumemrudishia bibi. Amekubali tuiweke mahali pazuri siku ya kufungua zahanati, watoto waione, waijue, wajivunie. Ni heshima ya ukoo na ni historia ya mji wetu. Kiwanja kitasimama kwa nakala ile ya masjala.

Sasa chakula kipakuliwe.